Mwambieni Yule wa Ngoma Kubwa

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa ngoma. Niligusa tairi. Mudiri wa Usafiri, yaani meneja wa magari ya shule, Mmisri mmoja mnene mwenye sauti ya chini, alinipeleka nyuma ya shule, akanionyesha basi la watoto lililoinama upande mmoja kama ng'ombe aliyekula majani mabaya. Akasema, "Wewe dereva? Yalla, badilisha." Hiyo ndiyo iliyokuwa karibu yangu ya Riyadh. Sikupewa hata maji.

Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, wakati watu wa kwetu walikuwa wanamiminika Saudia. Kila kijiji kilikuwa na ajenti wake, na kila ajenti alikuwa na shati jeupe na simu mbili. Wasichana walikwenda kufanya kazi za nyumbani, vijana wakaenda ulinzi, na sisi wenye leseni ya gari kubwa tukaenda kuendesha. Mimi nilikuwa mzee kuliko wote kwenye ndege ile. Kijana aliyekaa karibu nami aliniuliza, "Baba, wewe unaenda hija?" Nikamwambia mimi ni Mkristo, ninaenda kuendesha basi. Akacheka mpaka akamwaga juisi. Lakini hayo siyo niliyoulizwa.

Ninyi vijana wa bendi ya kanisa letu ndio mlioniomba niandike. Mlisema, "Mzee, tuandikie vile kazi ya bendi ilikuwa huko, na yale maneno ya waamuzi wa mashindano unayotuchekesha nayo." Basi ninaandika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hivyo mkiona nimetoka barabarani, ngojeni kidogo, nitarudi.

Tairi la akiba lilikuwa stoo. Niliingia kutafuta jeki, nikakuta kitu kimefunikwa pazia kuukuu. Nikafunua. Ngoma. Ngoma za gwaride, seti nzima. Kulikuwa na zile ndogo tunazoita ngoma za nyuzi, kwa sababu chini ya ngozi zimefungwa nyuzi za chuma zinazotoa ule mlio wa kukwaruza. Kulikuwa na matoazi. Na kule nyuma ilikuwepo ngoma kubwa, besi, ile inayobebwa kifuani na kupigwa kwa pembeni. Nikasahau jeki. Nikaigonga kwa vidole, polepole, mwendo wa wimbo wetu wa kuingilia kanisani.

Nikasikia mtu nyuma yangu. Alikuwa Mfilipino mfupi, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Wote shuleni walimwita Maestro. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa bendi.

"Nani alikufundisha?" akaniuliza.

"Kanisa."

Akaufunga mlango wa stoo. "Hapa sema shule."

"Shule," nikasema.

"Vizuri. Kesho baada ya kushusha watoto, njoo."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa ngoma. Ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, iliendelea kusema dereva mpaka siku ya mwisho. Asubuhi nilizunguka kukusanya watoto kuanzia Sulimaniyah na mitaa ya jirani, mchana nikawarudisha, na kati ya hapo na jioni nikawafundisha wale wavulana. Ilikuwa shule ya watoto wa wageni: Waasia, Waarabu wa nchi nyingine, Waafrika wachache. Wasichana walikuwa jengo lingine na hatukuwaona kamwe.

Sasa niwaeleze namna ya kazi. Siku zile muziki wa hadharani ulikuwa mwiko huko, na ngoma hazikutoka nje ya ukuta wa shule. Hata ndani ya ukuta, jirani mmoja alilalamika, na Mudiri wa Usafiri akaja uani akasema kwa kifupi, "Ngoma mafi," yaani hakuna. "Tairi, sawa." Alikuwa anatania. Maestro hakuchukua kama utani. Tulizipanga tairi kuukuu za basi uwanjani pale magari yanapolala, kila mvulana na lake, tukapiga tairi. Nawaambia ukweli, tairi ni mwalimu mkali. Linarudisha kijiti vizuri, lakini halina sauti ya kukuficha. Ukikosea, kila mtu anaona mkono wako umekosea. Na kwa sababu sauti ilikuwa ndogo, wavulana walijifunza kusikia miguu. Maestro alikuwa akiinua ngumi mbili juu, vijiti vyote vinasimama, lakini miguu inaendelea kukanyaga. Hiyo ndiyo ilikuwa alama yetu. Ngumi mbili maana yake ni mikono inyamaze, miguu isinyamaze. Tulifanya hivyo mpaka wakaweza kutembea uwanja mzima kimya na kurudi, halafu wakaanza kupiga tena wote kwa mara moja.

Mimi niliongeza kitu kimoja tu, na nilikitoa nyumbani. Mnakijua, kwa sababu nanyi mnakifanya. Wimbo ukiisha na wote wakinyamaza, besi hupiga pigo moja peke yake. Wazee wetu waliliita pigo la amina. Maestro alilipenda sana. Alisema shule nyingine zote humaliza kama mtu aliyekatiwa umeme, sisi tutamaliza kama mtu aliyefunga mlango wa nyumba yake. Kule tuliliita pigo la kufunga. Likawa ndilo kitambulisho chetu.

Sasa waamuzi. Mashindano yalikuwa kati ya shule za wageni, ndani ya ukumbi, mapazia yamefungwa, wazazi wa kiume wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mwamuzi wa bendi hakai mezani kama mwamuzi wa kwaya. Anatembea katikati yenu mkiwa mnapiga, ana kinasa sauti kidogo mdomoni, anasema kila anachokiona wakati huohuo anapokiona. Baadaye kila bendi inapewa maneno yake isikilize. Zamani ilikuwa kaseti kweli. Wakati wetu ilikuwa flashi, lakini bado tuliita kaseti ya mwamuzi. Unaisikia bendi yako, na juu yake unasikia mtu anayepumua karibu sana na anayesema ukweli. Alama ubaoni zinasahaulika. Maneno yale hayasahauliki.

Mwaka wa kwanza pale Riyadh, Mwamuzi wa Mwendo, anayeangalia safu na miguu, alisema, "Mstari wa pili, hiyo si safu, hiyo ni foleni ya mkate." Kwa kijana aliyebeba fimbo ya uongozi alisema, "Kiongozi, unatembea vizuri sana. Shida ni kwamba bendi umeiacha." Kulikuwa na mwingine, Mwamuzi wa Ngoma, mzee aliyewahi kuwa katika bendi ya jeshi kwao Asia, akichechemea mguu wa kulia. Huyo alikuwa bingwa. Kwa mpiga matoazi alisema, "Umefika kabla ya wageni wengine. Kaa chini uwangoje." Kwa wapiga ngoma za nyuzi, "Mabega yenu yanapiga kelele kuliko ngoma." Na mahali pamoja hakusema kitu. Tulisikia tu, "Mm." Hiyo "mm" tulibishana nayo wiki nzima. Wavulana wengine walisema ni sifa. Maestro alisema, "Ni mtu aliyemeza kitu ili asiseme."

Waamuzi walisema kwa Kiingereza, mimi ninawapa kwa Kiswahili, na Maestro ndiye aliyekuwa akinifafanulia palipokuwa pagumu. Wavulana walikuwa wanalia wakati mwingine. Maestro aliwaambia, "Mwamuzi hakuchukii. Hakujui hata jina." Nilidhani hayo ni maneno ya faraja. Siku hizi sina hakika.

Baada ya muda shule ilifungua tawi Jeddah, Maestro akahamishwa, na akaniomba niende naye. Mudiri wa Usafiri alisaini huku akiniambia, "Riyadh utakumbuka hewa kavu." Alisema kweli. Jeddah ina unyevu. Ngozi za ngoma zililegea kama mkanda wa mtu aliyekonda, na kila asubuhi ilibidi nizikaze upya. Lakini Jeddah nilipata chakula. Kule Sharafiya, katikati ya maduka ya simu na ofisi za kutuma hela, kulikuwa na mkahawa mdogo wa Mzanzibari mmoja, Bwana Khatibu, aliyekuwa amekaa Jeddah miaka mingi. Chapati, maharage ya nazi, na Ijumaa pilau. Nilipokisikia Kiswahili chake mara ya kwanza nilikaa kitini nikasahau kuagiza.

Mtoto wake, Mbarak, alikuwa akisoma shuleni kwetu. Alikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu, mwembamba, anatumia mkono wa kushoto. Siku ya kuchagua ngoma alinijia.

"Shikamoo, mzee wangu. Miye nataka ile kubwa."

"Ile ina uzito kukushinda."

"Uzito si hoja, mzee. Hoja kusikika."

Nikampa. Na kusikika alisikika. Alikuwa anapiga kana kwamba ngoma imemtukana mama yake. Tulikwenda kwenye mashindano yetu ya kwanza ya Jeddah hali iko hivyo, na Mwamuzi wa Ngoma alikuwa ni yuleyule mzee mwenye kuchechemea, alikuja kwa ndege kutoka Riyadh. Kaseti ilipokuja tulikaa chini wote katika chumba cha muziki, Maestro akawasha. Tukasikia bendi, tukasikia besi, dum, dum, dum, halafu ile sauti ya kizee ikasema bila haraka:

"Ngoma kubwa, unabisha mlango wa nani? Tumeshafungua. Acha kubisha."

Chumba kizima kilianguka kwa kicheko. Hata mimi. Hata Maestro aligeuza uso ukutani, mabega yakitetemeka. Kesho yake Mbarak hakuwa Mbarak tena, alikuwa Hodi. Akipanda basi langu, mvulana mmoja anasema, "Hodi hodi," na basi zima linajibu, "Karibu," Waasia, Waarabu, wote, hata wasiojua neno jingine la Kiswahili. Yeye alicheka nao. Lakini mazoezini niliona ameanza kuigusa ngoma kama mtu anayegusa pasi ili ajue kama ina moto. Sauti ikapotea kabisa.

Nikamwita kando. "Mbona unapapasa?"

"Naogopa kubisha, mzee."

"Ulikuwa unaigandamiza ngozi. Besi haigandamizwi. Unaigusa, unainua mkono, sauti inakufuata. Baba yako anageuzaje chapati?"

Akafikiri. "Anaichomoa."

"Anaikandamiza?"

"Hapana. Akiikandamiza inaungua."

"Basi nenda kamwangalie."

Alikwenda kweli. Bwana Khatibu aliniambia baadaye kwamba kijana alisimama kando ya chuma cha chapati jioni nzima, anaangalia mkono tu, mpaka wateja wakauliza kama anajifunza kupika. Aliporudi mazoezini alikuwa amepata. Pigo lake lilikuwa linatoka likiwa duara. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hapo. Lilikuwa halikugongi, linakufikia.

Mwaka uliofuata ndio ninaotaka kuusema, na yote niliyosema mpaka hapa nilikuwa ninauzungukia.

Familia za wageni zilikuwa zimeanza kurudi makwao, maisha yamekuwa ghali, na madarasa yanapungua. Mudiri wa Shule, mtu nadhifu asiyependa kukaa, alituita mimi na Maestro ofisini. Alisema akiwa amesimama, "Stoo ninaihitaji kwa madawati. Mkipata nafasi ya tatu au juu yake, ngoma zinabaki. Mkikosa, halas, hakuna bendi." Maestro akawaambia wavulana vilevile, bila kupunguza. Mbarak akauliza, "Na ngoma zitakwenda wapi?" Maestro akasema hajui. Tangu siku hiyo hawakuhitaji kuitwa mazoezini. Walikuwa wanashuka kwenye basi wakikimbia.

Mashindano yalipangwa kati ya swala ya Alasiri na ya Magharibi. Huko kila kitu hupangwa hivyo, katikati ya swala na swala. Adhana ikitoka, maduka yanafungwa, na ngoma ndiyo kabisa, huigusi. Sisi tulikuwa wa mwisho. Shule moja ikachelewa kufika, ratiba ikasogea, na tulipoitwa, jua lilikuwa limeshaondoka kwenye madirisha. Mwamuzi Mkuu alikuja mwenyewe kwetu akasema kwa upole, "Mkianza sasa, adhana itawakuta njiani. Ningewashauri mngoje baada ya Magharibi."

Maestro alikubali. Mudiri wa Shule akakataa. Mabasi yalitakiwa kuwarudisha watoto, wazazi walikuwa wanasimama. "Yalla, waanze," akasema. "Watawahi."

Nisikilizeni. Nimesikia bendi nyingi maishani, na zenu nazipenda. Lakini wale wavulana siku ile walipiga mpaka mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na funguo za basi mkononi nilijisahau. Safu zilikuwa safu. Mpiga matoazi aliwangoja wageni. Yule mzee mwenye kuchechemea alikuwa anapita kati yao, kinasa mdomoni, na niliona amepunguza mwendo alipofika kwa Mbarak. Nikasema moyoni, nafasi ya tatu tumeshaipata, sasa tunaomba ya pili.

Ndipo muadhini akaanza, msikiti upo ukuta wa pili tu.

Maestro akainua ngumi mbili. Vijiti vyote vikasimama. Miguu ikaendelea kukanyaga papo hapo, kama uwanjani kwa tairi. Lakini mkono wa kushoto wa Mbarak ulikuwa umeshakwenda juu. Mwili wake ulijua jambo moja, kwamba wote wakinyamaza, yeye ndiye anayefunga. Akafunga. Pigo moja, peke yake, la duara, zuri kuliko yote aliyowahi kupiga, likaangukia juu ya maneno ya kwanza ya adhana.

Mzee mmoja wa viti vya mstari wa mbele akasema, "Astaghfirullah." Mbarak akawa kama ukuta uliopakwa chokaa. Yeye ni mtoto wa Kiislamu, alijua kuliko sisi wote alichokipiga juu yake. Lakini hakuacha safu. Walikanyaga kimya mpaka mwisho wa mstari wa wimbo, wakasimama wote kwa mara moja, wakainamisha vichwa mpaka adhana ikaisha. Miguu ikiwa bado inakanyaga, niliona yule Mwamuzi wa Ngoma amesimama karibu naye, amekinga kinasa kwa kiganja, midomo inacheza kidogo. Sikusikia alichosema.

Baada ya swala Mwamuzi Mkuu alisema, "Saa imetuponyoka sisi, si ninyi. Mtaanza upya." Ustadhi wa dini wa shule yetu naye akamwambia Mudiri, "Ni mkono wa mazoea. Mtoto hana kosa." Ningependa niishie hapo. Lakini Mudiri alikuwa ameshaiona sura ya yule mzee wa mstari wa mbele, na bendi ya shule siku zile ilikuwa kitu cha kuishi nyuma ya mapazia. Aliogopa. Simlaumu kwa kuogopa.

"Tunajitoa," akasema.

"Mudiri, watoto wako tayari," Maestro akamwambia.

"Watoto wako tayari. Mimi siko tayari. Halas."

Ikawa hivyo. Hatukupata nafasi ya tatu wala ya ishirini. Hatukuandikwa. Nilipakia ngoma mwenyewe kwenye basi. Mbarak alikuja nyuma yangu akiwa bado amevaa mkanda wa besi kifuani, ngoma yenyewe haipo.

"Mzee," akasema, "ni mimi?"

Nilikuwa nimebeba matoazi, watoto wanapanda, Mudiri anapiga makofi tuharakishe. Nikamwambia, "Panda basi, mwanangu, wenzako wanangoja."

Hayo ndiyo niliyomwambia. Dereva husema hivyo mara mia kwa siku. Siku ile hakuna aliyesema hodi, na hakuna aliyejibu karibu. Alishuka Sharafiya, akatembea bila kugeuka.

Tangu hapo baba yake ndiye aliyempeleka shule. Nilikwenda kula mkahawani, Bwana Khatibu akaniwekea sahani, akakaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Kijana hataki kusikia habari ya ngoma," akasema. "Anasema yeye ndiye aliyewaangusha wenziwe."

"Mwambie si yeye."

"Nimemwambia. Ustadhi kamwambia. Miye babake hanisikii. Anasema mtu wa nyumbani lazima akwambie hivyo. Anataka kusikia wenyewe wamesema nini."

"Wenyewe nani?"

"Waamuzi."

Nilikwenda kwa Maestro siku ileile kuuliza kaseti yetu. Akaniambia bendi iliyojitoa haina kaseti, ndiyo kanuni, na ameona aibu hata kuuliza. Nikaliacha. Ngoma zikachukuliwa na mtu mwenye lori, madawati yakaingia stoo.

Mkataba wa Maestro ulipoisha, mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Begi lake lilikuwa jepesi kwa mtu aliyekaa miaka ile yote. Kabla hajashuka aliniwekea flashi kwenye kiti. "Yule mzee anayechechemea ameniletea jana," akasema. "Alikuwa ameihifadhi. Sijaisikiliza. Sina nguvu." Tukashikana mikono. Sikumwona tena, na barua pepe mimi sijui kutuma.

Kesho yake mchana nilikuwa nimeegesha nje ya shule, nangoja watoto watoke, kipoza hewa kinanguruma. Redio ya basi ilikuwa na mahali pa kuchomeka. Nikachomeka. Bendi ikajaa ndani ya basi tupu, viti vyote vinaisikiliza. Sauti ya mzee ilikuwa inasema mambo ya kawaida: vizuri, angalia kushoto, vizuri sana. Halafu adhana, kwa mbali. Halafu lile pigo. Halafu miguu peke yake, shaka, shaka, shaka, na juu ya miguu, kwa mnong'ono, maneno ambayo nimeyashika kama nilivyoshika sala:

"Ngoma zimenyamaza na mimi bado nawasikia. Ngoma kubwa, huyu ndiye yule aliyekuwa anabisha. Mwambieni nimemfungulia."

Sikungoja siku ya pili. Nilishusha watoto, nikaenda moja kwa moja Sharafiya na basi la shule, jambo ambalo lingenifukuzisha kazi. Mkahawa ulikuwa umeshakuwa duka la simu. Mahali pa chuma cha chapati waliweka kabati la vioo. Mhindi mwenye duka aliniangalia akasema, "Baba Chapati? Halas, safari. Zanzibar. Wote." Aliniandikia namba, nikapiga, haikupatikana. Nikapiga kila wiki. Baadaye ikapokelewa na mwanamke aliyesema namba ni yake, niache kumsumbua.

Nilirudishwa Riyadh, nikamalizia kwenye basi, na Mudiri wa Usafiri yuleyule, amenenepa zaidi. Miaka ya mwisho muziki ulianza kusikika hadharani, hata kwenye maduka makubwa. Siku moja niliwashusha watoto Malqa, nikapita mahali pana spika nje inayopiga ngoma mchana kweupe na watu wananunua kahawa. Nikasimamisha basi, nikasikiliza. Nikawafikiria wavulana wangu na tairi zao. Kisha nikarudi nyumbani, na ninyi mkanikuta hapa nimezeeka, mkanipa fimbo niwafundishe.

Mmeniuliza mara nyingi nilichojifunza kwa waamuzi. Hayo ya safu na mabega nimewapa. Nililobaki nalo ni hili moja, na halinipi usingizi mzuri: maneno ya kaseti si ya mwalimu. Ni ya aliyepiga. Mwalimu ni mtu wa kuyabeba tu, kama dereva. Mimi nimebeba watoto wengi na kila mmoja nilimshusha kwake. Mzigo huu mmoja bado uko ndani ya basi.

Ile flashi ninayo, lakini kompyuta ya kanisa haiisomi tena. Kijana wa sauti ameijaribu, amesema imekufa. Kwa hivyo sasa maneno hayo yako kwangu tu, na kwenye karatasi hii. Ndiyo sababu hasa ya kukubali kuandika, si yale mliyoniomba.

Sasa atakuwa mtu mzima. Huenda anafanya kazi hotelini Unguja, huenda anapika chapati. Ni mrefu, anatumia mkono wa kushoto, na huenda hawezi kusikia besi bila kuondoka mahali hapo. Hatawaambia kwa nini. Mkikutana na mtu wa namna hiyo, msimwulize mengi. Mwambieni kuna mzee, dereva wa basi, aliyemjibu vibaya siku ile. Mwambieni si yeye. Na mwambieni mwamuzi mwenyewe alisema amemfungulia.